Mkono Uliogusa Kifundo cha Mguu



Juma lililopita makala yangu hayakuonekana katika ukurasa huu, nami nawaomba radhi wasomaji. Nilikuwa Ozi, nyumbani kwa wifi yangu, nimekwenda kumjulia hali mama yake mzazi ambaye alikuwa ameugua homa na sasa, alhamdulillahi, amesimama. Anayeijua njia ile hahitaji kuelezwa. Unafika Kipini, pale Mto Tana unapomwaga maji yake baharini, kisha unapanda mashua na kuurudia mto, mikoko ikikusindikiza huku na huku mpaka inapoanza minazi na miembe, na harufu ya tope la mpunga ikakupokea kabla ya watu.

Nilikuta nyumba imenuna. Mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha pili katika shule ya bweni, alikuwa amerejea likizo na barua ya shule yenye mstari mtupu chini yake, mahali pa sahihi ya mzazi. Amechaguliwa kuingia katika timu ya raga. Kaka yangu yuko kazini Mombasa, naye kwa simu alikuwa amesema neno ambalo waume zetu hulisema wanapotaka kulikimbia jambo: "Muulize mama yako." Mama yake alikwisha kukataa siku tatu nzima, na barua ilikuwa imebanwa chini ya kopo la sukari, haisainiwi wala haichanwi.

"Wifi," aliniambia tulipokuwa tukichambua mchele, "mimi sikumzaa huyu aje avunjwe shingo. Tena mchezo wenyewe si wa kwetu. Akiingia humo, sala itamponyoka, na hao wenzake watamfunza kamari ya simu. Na ile kaptula, nimeiona katika picha. Haifiki magotini."

Sikumjibu, kwani kila alilolisema lilikuwa na mashiko. Sisi wanawake wa pwani tumewaona vijana wetu wangapi wakitoka msikitini wameinamia simu, si kwa dhikri bali kungoja matokeo ya mechi waliyoiwekea pesa za unga?

Baada ya sala ya alasiri tukaketi barazani juu ya mkeka, mimi, wifi yangu, na nyanya yule aliyetoka kuugua. Kijana akaja akapiga magoti mbele ya mama yake, akasema, "Mama, sikuombi usaini. Nakuomba utazame tu." Akatoa simu. Alikuwa ameihifadhi humo mechi moja aliyopewa na mwalimu wake wa michezo, kwa kuwa mtandao wa Ozi huja na kuondoka upendavyo. Ilikuwa fainali ya raga ya Australia, iliyochezwa Jumapili ya tarehe 3 Oktoba 2004 mjini Sydney. Nikipiga hesabu, hiyo ilikuwa katikati ya Shaabani ya mwaka 1425, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Kijana mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Hapa yanipasa nieleze kidogo, kwa faida ya msomaji ambaye, kama mimi siku ile, hajui raga ni mnyama gani. Raga zipo mbili. Ile inayochezwa katika shule zetu za Kenya ina wachezaji 15 kila upande. Ile ya Sydney ina wachezaji 13, na wenyewe huiita raga ya ligi. Mgawanyiko huo ulitokea Uingereza tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli moja ya mji wa Huddersfield, ambapo vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini vilijitenga na chama chao. Sababu yake itawagusa watu wa Ozi. Wachezaji wa kaskazini walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani. Siku waliyokwenda kucheza walikatwa ujira, nao wakaomba walipwe fidia ya siku hiyo. Wakubwa wa chama, watu wasiojua kukatwa ujira ni nini, wakakataa. Basi mchezo huu mzaliwa wake ni mtu wa kibarua aliyedai haki ya jasho lake. Wifi yangu alipolisikia hilo aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Mpira wenyewe si duara, ni mrefu kama yai. Huruhusiwi kuurusha mbele kwa mkono, waurusha nyuma au ubavuni, na ukitaka kwenda mbele ukimbie nao, huku watu wazima wenye miili kama magogo wanakujia kukuangusha. Upande wenye mpira una nafasi ya kuangushwa mara sita, kisha mpira huwaendea wenzao. Ukifika mwisho wa uwanja wa adui ukauweka mpira chini, hiyo huitwa trai, nayo ina pointi 4. Baada yake mmoja wenu hupewa mkwaju wa kupitisha mpira kati ya milingoti miwili mirefu, akifaulu mwaongezewa pointi 2. Upo pia mkwaju wa kushtukiza, mchezo ukiendelea, ambao wakati ule ulikuwa na pointi 1. Naomba msomaji azishike hesabu hizi, kwani usiku ule zilitosha kuwatoa watu machozi.

Fainali iliwakutanisha jirani wawili wa mji mmoja. Sydney Roosters walikuwa timu ya mashariki ya mji, upande wa bahari, mabingwa wa 2002, tena waliomaliza msimu huo wa 2004 wakiwa juu ya wote. Canterbury-Bankstown Bulldogs ni timu ya mitaa ya ndani, ambako wahamiaji kutoka Lebanon wamejaa, na msikiti mkubwa wa Lakemba hauko mbali na uwanja wao wa zamani wa Belmore. Bulldogs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1995. Mwaka 2002 walikuwa wakienda vizuri mno, kisha ligi ikagundua kwamba wamewalipa wachezaji kupita kiwango kilichoruhusiwa, ikawakata pointi 37 na msimu wao ukafa. Kijana alitaka kuliruka jambo hilo. Nyanya akamzuia: "Liseme lote, mjukuu wangu. Waliiba, wakakamatwa, wakalipa, wakarudi. Endelea."

Watu 82,127 walikuwa uwanjani. Nahodha wa Bulldogs, Steve Price, alikuwa ameumia goti na hakucheza, nafasi yake ikashikwa na Andrew Ryan. Upande wa pili, nahodha Brad Fittler alikuwa akicheza mechi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na nusu ya Australia ilimtakia aage kwa kombe.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Roosters. Walikwenda mapumziko wakiongoza kwa 13 dhidi ya 6. Pointi saba katika mchezo huu si mlima, lakini ni kilima cha kutosha, maana trai moja pamoja na mkwaju wake hazikifikii kilele. Wifi yangu, ambaye hadi hapo alikuwa akitazama kwa pembe ya jicho, alisema kwamba kama ni yeye angekwenda zake nyumbani.

Kipindi cha pili Roosters hawakupata hata pointi moja. Hilo ndilo ajabu la mechi ile, nami naliona kubwa kuliko trai zote. Bulldogs walipata 10: trai mbili na mkwaju mmoja. Kwa jumla Matt Utai, mtu mfupi mnene anayekimbia kama aliyefukuzwa, alifunga trai mbili usiku huo, na ya tatu ikafungwa na mchezaji wa pembeni ambaye ndiye hasa kijana alitaka mama yake amwone. Matokeo yakawa 16 kwa 13.

Mchezaji huyo ni Hazem El Masri. Alizaliwa mwaka 1976 huko Tripoli ya Lebanon, wakati nchi ile inaungua kwa vita, akahamia Australia na wazazi wake mwaka 1988. Alipofika alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu katika nchi ambayo mchezo wake hakuwahi kuuona. Akaujua. Ndiye aliyekuwa mpiga mikwaju wa Bulldogs, na katika msimu ule wa 2004 peke yake alikusanya pointi 342, ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia katika msimu mmoja wa ligi ile. Alipostaafu mwaka 2009 alikuwa amefikisha 2,418, akampita kila mfungaji aliyemtangulia, zote akiwa na klabu hiyo moja. Usiku wa fainali, kati ya pointi 16 za timu yake, 8 zilitoka kwake: trai moja na mikwaju miwili.

"Na ni Mwislamu, mama," kijana akasema. "Wote wanajua ni Mwislamu. Hakujificha."

Wifi yangu akauliza swali ambalo mama pekee huliuliza: "Wenzake wakishinda wakafungua pombe, yeye huketi wapi?"

Kijana hakuwa na jibu kamili, wala mimi. Ila nilimwambia ninachokijua, kwamba mtu yule aliishi miaka 14 katika klabu moja ya raga, ndani ya mchezo ambao ushindi wake huoshwa kwa bia, na dini yake ilibaki kuwa jambo la kwanza ambalo hata wasio wa dini yake humtajia kwa heshima.

Lakini tuirudie mechi, kwani haikwisha. Turudi kwenye zile hesabu. 16 kwa 13 ni tofauti ya pointi tatu, na trai ni pointi nne. Maana yake ni kwamba mpaka filimbi ya mwisho, mtu mmoja wa Roosters akipenya tu na kuuweka mpira chini, kazi yote ya Bulldogs imekwenda na maji. Hata mkwaju hahitajiki. Dakika zikayoyoma, kila mmoja akihema kwa mdomo, jezi hazijulikani rangi. Na katika sekunde za mwisho, kweli akapenya mtu. Michael Crocker wa Roosters alipata upenyo, akatoka mbio, na mbele yake pakawa peupe.

Nyuma yake alikuwa nahodha Andrew Ryan. Asingeweza kumshika kiuno, alikuwa amekwisha kuachwa. Akajitupa mzima mzima, akaunyoosha mkono, na vidole vyake vikamgusa yule mwenziwe kwenye kifundo cha mguu. Kugusa tu. Mguu ukapiga mguu, mtu akaanguka. Muda mfupi baadaye filimbi ikalia.

Kijana akairudisha sehemu hiyo. Akairudisha tena. Barazani hapakuwa na sauti isipokuwa ya kuku. Nyanya ndiye aliyeuvunja ukimya.

"Huyu ameamia," alisema.

Niwaeleze wasomaji wa mijini. Kuamia ni kulinda mpunga usiliwe na ndege, na Ozi hakuna mtoto asiyeijua kazi hiyo. Mpunga ukianza kushika maziwa, ndege huja kwa makundi, na watu hushinda shambani toka alfajiri mpaka magharibi wakipiga makelele, wakipiga makopo, wakirusha udongo kwa teo. Miaka hii kazi imekuwa chungu zaidi, kwa kuwa mto ukipungua nguvu maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuyaharibu mashamba, na kile kidogo kilichosalimika ndicho kinacholindwa. Nyanya alituambia kwamba shamba haliliwi asubuhi, wakati mwamiaji ana nguvu. Huliwa jioni, jua linapokaribia kuzama, naye amesema moyoni kwamba siku imekwisha. Mwaka mmoja alipoteza robo ya shamba kwa sababu aliondoka mapema kidogo kwenda kupika.

"Huyu hakuondoka," alisema. "Amechoka, ameachwa, na bado hakuondoka."

Wifi yangu hakusema kitu, akachukua simu mwenyewe na kuuliza jinsi ya kuirudisha nyuma.

Mimi nilikuwa nikimtazama mtu mwingine katika picha ile: kijana mrefu wa New Zealand, mwenye umri wa miaka 19, aliyeingia uwanjani kutoka benchi la akiba la Bulldogs. Jina lake Sonny Bill Williams. Usiku ule alikuwa na kila kitu ambacho dunia humpa kijana, naye, kama mwenyewe alivyokuja kukiri miaka ya baadaye, hakuwa akiishi maisha ya kuigwa. Mwaka 2008 aliikimbia klabu katikati ya msimu, mkataba wake ungali mbichi, akaenda Ufaransa, jambo lililowakasirisha wengi, na sioni sababu ya kulipamba, maana ahadi ni ahadi. Ila ni huko Ufaransa ndiko alikosilimu, baada ya kukaa karibu na familia ya Kitunisia na kuvutiwa na utulivu wao. Baadaye aliichezea New Zealand katika raga ya watu 15, akatwaa Kombe la Dunia 2011 na tena 2015. Na mwaka 2017 alionekana ameibandika utepe nembo ya benki iliyokuwa kwenye kola ya jezi yake, kwa sababu ya riba, hata chama cha raga cha nchi yake kikamruhusu asivae nembo za benki, za pombe wala za kamari.

Hapo wifi yangu aliinua macho. "Za kamari pia?"

"Za kamari pia, mama."

Sitaki msomaji adhani ninasema kwamba kombe hutibu kila donda. Miezi kumi na minne baada ya fainali ile, tarehe 11 Desemba 2005, maelfu ya watu walikusanyika katika ufuo wa Cronulla, katika mji huohuo wa Sydney, wakawapiga kila waliyemdhania kuwa Mwarabu. Bila shaka walikuwamo waliowahi kumpigia makofi El Masri. Mtu huweza kuupenda mguu wako ukifunga na akauchukia uso wako ukipita mtaani. Watoto wetu wakiingia katika michezo ya dunia na waingie wakilijua hilo.

Wala sisemi kwamba mashindano si ya kwetu. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Mara ya kwanza mke akashinda, na miaka ilipopita mume akashinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Hupenda kuwakumbusha hili akina baba wanaodhani kwamba kicheko cha nyumbani huwapunguzia haiba.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi. Kijana alitufungulia picha ya kombe lenyewe. Si kikombe, bali ni sanamu ya wanaume wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wamekumbatiana. Imetokana na picha ya fainali ya mwaka 1963, manahodha wa pande mbili wamemaliza kupigana katika mvua, wamejaa tope hata hawajulikani yupi ameshinda. Nyanya aliicheka sana. Alisema wale ni watu wa Ozi waliotoka kupanda.

Magharibi ikaadhiniwa, tukaondoka.

Baada ya isha niliona kopo la sukari limesogezwa. Wifi yangu alikuwa ameiweka barua juu ya paja, kalamu mkononi, naye hakusaini upesi. Kwanza aliandika pembeni, kwa mwandiko wake wa madrasa ulionyooka, kwamba mwanawe asizuiwe sala ya Ijumaa kwa mazoezi wala kwa safari. Akaandika kwamba atavaa suruali ya kubana ndani ya kaptula, ifunike magoti. Akaandika kwamba akigongwa kichwa atolewe uwanjani hapohapo, na yeye mama apigiwe simu siku hiyohiyo, si kesho yake. Karatasi ikakosa nafasi, akaigeuza. Upande wa pili hakuwaandikia walimu, alimwandikia mwanawe mstari mmoja ambao sikuusoma. Kisha akasaini.

Asubuhi mashua yangu ilikuwa ya mapema. Kijana alinibebea mkoba hadi kivukoni, akanibusu mkono, akaniambia, "Shangazi, nisalimie baba ukifika Mombasa. Mwambie mama ameulizwa, na amejibu." Kisha akaikagua tena barua mfukoni, akalitoa teo lililokuwa limening'inia begani, akakata njia ya mashambani kumfuata nyanya yake, ambaye alikuwa ametangulia tangu alfajiri.